Maleba na Mhusika: Suala la Upekee katika Michezo ya Video ya Mtandaoni

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kumtambua mhusika kwa njia kadhaa: jina lake, umbo na maleba yake, usemi wake, matendo yake, na yale wayasemayo wengine kumhusu. Makala haya yanakusudia kuvitumia vigezo hivyo kumchunguza mhusika anayeumbwa na mchezaji mwenyewe katika michezo ya video inayochezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Swali letu ni hili: je, uhuru wa kujichagulia sura na mavazi humpa mchezaji upekee wa kweli?

Tuanze na historia. Mchezo wa MUD, ulioundwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, kuanzia mwaka wa 1978, haukuwa na picha hata moja. Kila kitu kilielezwa kwa maandishi. Mchezaji alijulikana kwa jina alilojipa, maneno aliyoyaandika na vitendo alivyovitenda. Kwa istilahi zetu, majazi, usemi na matendo ndivyo vilivyobeba uhusika wote.

Picha zilipoingia, maleba yalitwaa nafasi kubwa. Katika World of Warcraft, uliozinduliwa mwaka wa 2004, mchezaji alichagua mojawapo ya jamii 8 na kazi 9, kama vile mpiganaji, kuhani au mwindaji, kisha akateua uso, rangi ya ngozi na mtindo wa nywele. Hata hivyo, uteuzi huo ulifunikwa upesi na deraya. Kwa kuwa kila deraya ilikuwa na nguvu zake, na kila mpiganaji aliitamani iliyo bora, waliofika kileleni walielekea kufanana mithili ya watu waliovalia sare. Hapa pana kinaya: kadiri mhusika alivyokua, ndivyo upekee wa sura yake ulivyofifia. Ni mwaka wa 2011 ambapo waundaji waliruhusu deraya moja ivishwe sura ya nyingine. City of Heroes, uliozinduliwa pia mwaka wa 2004, ulikuwa umeliepuka tatizo hilo tangu mwanzo, kwani maleba ya shujaa hayakumwongezea nguvu yoyote.

Mchezo wa Rust ulifuata mkondo tofauti kabisa. Mnamo mwaka wa 2015 ulianza kumpangia kila mchezaji rangi ya ngozi, na mwaka wa 2016 jinsia pia, bila ya idhini yake wala uwezo wa kubadilisha. Baadhi ya wachezaji walilalamika. Lakini je, si hivyo ndivyo tulivyozaliwa sote? Licha ya kunyimwa uteuzi huo, wachezaji bado hutofautiana: mmoja hujulikana kwa ukarimu, mwingine kwa usaliti. Matendo huwatenga pale ambapo sura hazikuchaguliwa.

Haimaanishi kwamba uteuzi wa sura ni jambo la kupuuzwa. Orodha ya sura anayopewa mchezaji ni mfano wa msamiati. Asiyelikuta neno lake humo hulazimika kujieleza kwa maneno ya wengine. Ilimchukua mchezaji wa World of Warcraft hadi mwaka wa 2020 kuongezewa sura na nywele zinazomwezesha kumuumba binadamu anayefanana na watu wenye asili ya Afrika au Asia. Kwa aliyesubiri miaka 16 ajione katika ulimwengu huo, hilo halikuwa pambo tu.

Kwa kuhitimisha, tunaweza kudai kwamba maleba humtambulisha mhusika, ila hayamkamilishi. Mhusika aliyepambwa kwa kila namna, asiye na tendo linalokumbukwa na wenzake, hubaki mhusika bapa. Wahenga hawakukosea waliposema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tofauti na riwaya, ambamo mwandishi mmoja huwaumba wote, hapa mhusika hukamilishwa na wachezaji wenzake wanaomwita, wanaomwamini au kumkimbia. Uwanja huu ungali mchanga katika uhakiki wa Kiswahili, nazo istilahi zetu, kama tulivyoona, zinautosha. Kilichobaki ni sisi kuuingia.