Gabon: Utalii wa Wanyamapori Ndani ya Msitu Mnene

Gabon iko Afrika ya Kati, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, na mstari wa ikweta hupita ndani yake. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 267,000. Wakazi wake hawafiki milioni tatu, wengi wao wakiishi mijini, na zaidi ya asilimia 80 ya ardhi imefunikwa na msitu. Tangu ilipopata uhuru kutoka Ufaransa mwaka 1960, imeishi kwa mafuta ya petroli, mbao na madini ya manganisi. Kwa kuwa fedha za mafuta zilitosha, utalii haukupewa uzito, na jina la nchi hiyo halikuvuma miongoni mwa wasafiri.

Mabadiliko yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanaikolojia Mmarekani, Mike Fay, alitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Jamhuri ya Kongo hadi ufukwe wa Gabon, akiorodhesha wanyama na mimea. Safari hiyo ilianza mwaka 1999 na kumalizika mwishoni mwa mwaka 2000. Taarifa na picha zake zilimfikia Rais Omar Bongo, ambaye mwaka 2002 alitangaza hifadhi za taifa 13 kwa mara moja. Hifadhi hizo huchukua takriban asilimia 11 ya nchi. Mbili kati yake zimeingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO: Lopé mwaka 2007 na Ivindo mwaka 2021.

Hazina iliyomo ni kubwa. Gabon ndiyo ngome kuu ya tembo wa msituni, spishi iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Wamo pia gorila wa nyanda za chini na sokwemtu. Huko Lopé, nyani wa aina ya mandrili hukusanyika katika makundi ya mamia. Loango ni hifadhi ya pwani ambako tembo, nyati na viboko huonekana wakitembea ufukweni. Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu hupita karibu na pwani hiyo, na msimu wa mvua unapoingia kasa wakubwa aina ya noa hupanda mchangani kutaga mayai.

Hata hivyo, mbinu zilizoitangaza Serengeti au Maasai Mara hazifai hapa. Katika mbuga za wazi mgeni huona makundi ya wanyama akiwa garini. Msituni hutembea kwa miguu nyuma ya mfuatilia nyayo, na huenda akakaa siku nzima bila kumwona tembo hata mmoja. Gorila nao huhitaji miaka kadhaa kuzoeshwa watu kabla ya wageni kuruhusiwa kuwakaribia, tena kwa vikundi vidogo, kwa muda mfupi na kwa barakoa, kwa kuwa maradhi ya binadamu huwaambukiza. Tangazo la kweli kuhusu Gabon lazima limwambie mgeni hayo mapema.

Kikwazo kingine ni usafiri. Reli kutoka Libreville hadi Franceville hupita Lopé, lakini hifadhi nyingi hufikiwa kwa mashua, ndege ndogo au barabara zinazoharibika wakati wa mvua. Nyumba za wageni ni chache na gharama ni kubwa. Lakini Rwanda imeonyesha kwamba wageni wachache wanaolipa vizuri wanaweza kuingiza fedha nyingi: tangu mwaka 2017 kibali cha kuwaona gorila huko kimekuwa dola 1,500 kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika, na asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi hurudishwa kwa jamii jirani.

Mgao wa namna hiyo unahitajika sana Gabon, ambako tembo huvamia mashamba ya migomba na mihogo na kumaliza jasho la mwaka mzima kwa usiku mmoja. Mwanakijiji aliyepoteza chakula chake hawezi kumpenda tembo kwa sababu ya picha nzuri. Ajira za kuongoza wageni, soko la mazao, uzio wa kulinda mashamba na fidia inayolipwa kwa wakati ndivyo vitakavyomfanya mlinzi wa msitu. Utalii wa Gabon utadumu pale tu jirani wa hifadhi atakapokuwa wa kwanza kunufaika nao.