Injini Isiyo na Maji Hupozwa na Nini?



Vikundi vyetu vingi vina injini isiyotiwa maji. Kuna pampu ndogo ya kunyunyizia mboga, kuna pikipiki ya kupeleka maziwa, na huku na kule bado iko Volkswagen ya zamani, ile Beetle yenye mgongo wa mviringo. Watu husema, "Hii haina rediata, kwa hivyo haiwezi kuchemka." Maneno hayo yameua injini nyingi. Na injini ikifa, ni pesa za wanachama zimekwenda. Basi tuitazame Beetle tuone mambo yalivyo.

Petroli ikiungua ndani ya silinda, nguvu kidogo tu husukuma gari. Nyingi hugeuka joto. Sehemu ya joto hilo hutoka kwa moshi, na sehemu huingia kwenye chuma, nayo lazima iondolewe.

Kwanza, mapezi. Silinda zimezungukwa na mapezi membamba ya chuma. Kina mama wanajua kwamba uji uliomwagwa kwenye sahani pana hupoa haraka kuliko ule wa sufuriani. Mapezi hufanya kazi hiyo: hulipa joto nafasi pana ya kutokea.

Pili, feni. Injini ya Beetle iko nyuma, upepo wa barabarani hauifikii vizuri. Kwa hivyo feni huvuta hewa na kuisukuma ndani ya mabati yanayozunguka injini, ipite katikati ya mapezi. Feni na dainamo ziko kwenye mhimili mmoja, na zote huzungushwa na mkanda mmoja.

Tatu, oili. Oili hailainishi tu, hubeba joto pia. Hupitia kwenye kipoza oili kinachopigwa na upepo wa feni hiyo hiyo. Injini hii hubeba lita 2.5 tu, kwa hivyo ikipungua kidogo ni hatari.

Nne, kirekebishi cha joto, yaani thamostati. Ni kikopo chenye mikunjo kama kodiani, kimekaa chini ya silinda. Injini ikiwa baridi, kikopo kimejikunja na vilango vya upepo vimefungwa, ili injini ipate joto upesi. Joto likifika nyuzi 65 hadi 70 hivi, kikopo hutanuka, husukuma fimbo nyembamba, vilango vikafunguka. Injini ikipoa tena, vinafungika.

Mafundi wengine hung'oa kikopo hiki wakisema nchi yetu ni ya joto. Lakini asubuhi ya Limuru au Nyahururu si ya joto! Injini ikikaa baridi muda mrefu hula petroli zaidi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Hapo chuma husagana na chuma.

Mambo ya kufanya:

1. Taa nyekundu ya dainamo ikiwaka njiani, simama hapo hapo, uzime. Huenda mkanda umekatika na feni imesimama. Usiseme, "Wacha nifike tu sokoni." Beba mkanda wa akiba na spana yake.

2. Pima oili kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ibadilishe kila kilomita 5,000.

3. Usitupe mabati wala raba zinazozunguka injini. Zikikosekana, hewa moto hurudi kuvutwa na feni.

4. Mlimani, rudisha gia mapema. Injini ikizunguka polepole, feni nayo huzunguka polepole, na huko ndiko joto ni jingi.

5. Safisha mapezi. Matope na oili iliyoganda ni kama blanketi. Hili ni kwa pampu na pikipiki pia. Tena pikipiki nyingi hazina feni, hutegemea upepo wa mwendo. Basi usiiache ikinguruma pale stejini ukipiga gumzo.

Mkikutana, jadilianeni: Je, nani katika kikundi chetu hupima oili, na huandika wapi? Mkanda wa akiba tunao? Mara ya mwisho mapezi yalisafishwa lini? Kama hakuna mwenye jibu, mchagueni mtu mmoja leo leo, kabla injini haijawajibu yenyewe.