Usalama wa Mashine katika Karakana za Useremala

Katika karakana za Wadi Kabir na kwingineko Maskati, msumeno wa umeme wa mviringo wahitaji uangalifu mkubwa. Ubao ukiubana, hurushwa kwa kasi kumwelekea fundi na huweza kuvuta mkono wake hadi kwenye meno. Kwa hiyo kikinga kisiondolewe, hata kwa kazi ya dakika moja, na kipande chembamba kisukumwe kwa kijiti. Glavu, ambazo wengi huzidhania kinga, hapa ni hatari: meno yakizinasa, kiganja chote hufuata.

Mgeni wa mashine asiiwashe kabla ya kuelekezwa kwa lugha anayoifahamu, na ajue kwanza swichi ya kuizimia ilipo.

Vumbi la mbao, ambalo tangu 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limelitambua kuwa husababisha saratani ya pua, lisifikishwe nyumbani. Nguo za kazi zivuliwe karakanani.

Kidole kikikatika, jeraha ligandamizwe kwa kitambaa safi na ipigwe simu 9999. Kidole kiviringishwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa barabara, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu na kupelekwa hospitalini pamoja na majeruhi. Chenyewe kisiguse barafu, kwani nyama ikiganda huenda kisiweze kuunganishwa tena.