Je, Wajua? Mkato Hutembea kwa Jozi

Je, wajua kwamba mkato huitwa pia kipumuo? Aristophanes wa Byzantium, mkutubi wa Alexandria zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, aliweka nukta kumwonyesha msomaji wa sauti pa kutua. Neno la Kigiriki komma, hata hivyo, ni kipande kilichokatwa: picha ileile ya mkato wetu.

Katika Kiingereza cha leo, fuata mkato, usifuate pumzi. "Kibera, which takes its name from a Nubian word for forest, is in Nairobi." Ondoa yaliyo kati ya mikato, inabaki "Kibera is in Nairobi", sentensi kamili. Ukisahau mkato wa pili, umepigilia bati msumari upande mmoja.

Je, wajua kwamba mikato huhesabu watu? "Passengers who live in Kawangware should take the 46" huwaita baadhi ya abiria tu. Andika "Passengers, who live in Kawangware, should take the 46", na abiria wote wamekuwa wakazi wa Kawangware, hata yule anayeshuka Kibera.

Hapa ndipo wanafunzi wetu huumia bure. Katika barua ya kuomba basari, "My sister who is in Form Four" humwambia msomaji kwamba una dada zaidi ya mmoja, na huyu ndiye wa kidato cha nne. "My sister, who is in Form Four," ni dada mmoja tu. Kamati inayopima mzigo wa karo nyumbani inastahili kusoma idadi ya kweli. Kiswahili husema "dada yangu aliye kidato cha nne", kirejeshi kikiwa ndani ya kitenzi, na anayefikiri kwa Kiswahili au Sheng hakumbushwi kwamba kuna la kuchagua. Mwalimu, lifundishe hili kwa barua halisi.

Je, wajua kwamba mwaka 2006 tume ya mawasiliano ya Kanada iliamua, kwa sababu ya mkato wa pili katika sentensi moja, kwamba mkataba wa kutumia nguzo za nyaya kati ya kampuni za Rogers na Aliant ungeweza kuvunjwa kabla ya miaka 5 ya kwanza kwisha? Uamuzi ulibatilishwa 2007, toleo la Kifaransa la mkataba likiwa shahidi.

Na majina ya mahali? "She was born in Kawangware, Nairobi, in 2010." Mkato baada ya Nairobi ndio husahaulika zaidi.