Kivuli si masizi: Funzo la kutia rangi kwa tarakilishi

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu aliniletea picha aliyoichora kwa simu ya mkononi. Ilikuwa picha ya nyanya yake ameketi chini ya mwembe, kitambaa cha manjano kichwani, akichambua maharagwe katika uteo. Mistari ilikuwa safi na mfanano ulikuwapo. Hata kovu dogo lililokuwa juu ya jicho la ajuza yule halikusahauliwa. Upungufu ulikuwa mmoja tu: uso ulikuwa bapa kama sarafu. Nami, kwa ile jeuri ya mwalimu asiyependa kukiri kuwa hajui, nikamwambia, "Ongeza weusi pembezoni."

Alifanya hivyo. Alichagua rangi nyeusi, akaipunguza ukali, akaipaka kuzunguka mashavu, chini ya kidevu na kando ya pua. Jioni ile alimwonyesha nyanya yake. Bikizee aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, mbona umenizima?"

Kesho yake msichana yule aliniletea swali hilo darasani, nami sikuwa na jibu. Ilinibidi nirudi kuwa mwanafunzi katika umri ambao wengi huwa wameshaacha kujifunza. Niliyoyapata katika safari hiyo ndiyo ninayotaka kuwagawia walimu wenzangu na wanafunzi katika makala haya, kwani naamini kosa langu hufanywa katika madarasa mengi.

Kuna dhana potovu iliyoenea kwamba anayechora kwa tarakilishi hana haja ya kujifunza rangi, maadamu mashine ina kila kitu. Ni kweli kwamba mashine ina mengi. Kiwambo cha kawaida huunda kila rangi kwa kuchanganya mianga mitatu, yaani nyekundu, kijani na samawati, na kila mmoja una viwango 256. Ukizidisha 256 kwa 256 kwa 256 utapata rangi 16,777,216. Isitoshe, zipo programu kama vile Krita na GIMP ambazo hazitozi hata senti moja. Hata hivyo, kumpa mwanafunzi rangi milioni kumi na sita na ushei kabla ya kumfundisha kuona ni sawa na kumpa kamusi nzima mtu asiyejua kutunga sentensi. Ataokota maneno mazito mazito, lakini hatasema kitu.

La kwanza nililojifunza ni kwamba rangi si kitu kimoja. Mwaka wa 1905 mwalimu mmoja wa sanaa wa Marekani, Albert Munsell, alichapisha kitabu alimopanga rangi kwa sifa tatu: jina lake, yaani kama ni nyekundu au kijani, mwangaza wake, yaani iko karibu na weupe au na weusi kiasi gani, na ukolevu wake. Niliposoma hayo nilitabasamu, kwa sababu Kiswahili hakikuhitaji kungojea mtaalamu. Mama akinunua leso sokoni husema kuwa rangi yake imekolea. Ikifuliwa mara nyingi husema imechujuka. Ikianikwa juani kwa muda mrefu husema imepauka. Lugha yetu inajua kwamba wekundu unaweza kubaki wekundu ilhali umepoteza nguvu. Ni sisi walimu tusioitumia hazina hiyo tunapofundisha.

Kati ya sifa hizo tatu, inayobeba picha ni mwangaza, na ndiyo inayowahadaa wanafunzi zaidi. Jicho halizipimi rangi zote kwa mizani moja. Katika kipimo kinachotumiwa na viwambo vingi, ukigawa mwangaza wa rangi nyeupe katika sehemu 100, takriban 72 hutoka kwa kijani, 21 kwa nyekundu, na 7 tu kwa samawati. Kwa hivyo manjano safi, ambayo kiwambo huiunda kwa kuchanganya nyekundu na kijani, ina sehemu 93 na inakaribia weupe, ilhali samawati safi inakaribia weusi. Mwanafunzi akiweka manjano safi upande wa kivuli na samawati safi upande wa jua, picha yake itakuwa imepinduka hata kama kila rangi inapendeza ikiwa peke yake. Dawa yake ni nyepesi: kila baada ya muda, aigeuze picha iwe ya kijivu na kuitazama. Ikiwa umbo limepotea rangi zilipoondoka, basi halikuwapo tangu mwanzo.

La pili ni maana ya kivuli chenyewe. Chukua yai moja, uliweke mezani karibu na dirisha, uzime taa nyingine zote. Litazame kwa makini. Utaona upande unaoelekea dirisha umeng'aa, na mahali pamoja ambapo mng'ao ni mkali zaidi. Ukisogeza jicho polepole, mwanga unapungua hadi ukanda wenye giza kuliko sehemu nyingine zote za yai. Watu wengi hudhani kwamba giza hilo huzidi hadi ukingoni. La hasha! Baada ya ukanda ule, ukingo wa yai hupata nuru hafifu tena, kwa kuwa meza imepokea mwanga wa dirisha na kuurejesha juu. Kisha kuna kivuli kingine ambacho yai limekiangusha mezani, kikali pale linapogusa meza na kilicholainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Hapo ndipo nilipoona dhambi yangu. Nilikuwa nimemwambia mtoto wa watu apake weusi pembezoni, pande zote, kana kwamba mwanga ulitoka kila mahali na pia haukutoka popote. Kivuli hakifuati ukingo wa kitu. Hufuata mahali mwanga ulipo. Kabla ya kugusa kalamu, swali la kwanza ni: jua liko wapi?

La tatu linahusu utaratibu wa kazi. Wachoraji wa Ulaya wa karne nyingi zilizopita walikuwa na desturi ya kuitengeneza picha kwanza kwa rangi ya kijivu, wakimaliza mwanga na kivuli, kisha wakaipitishia rangi nyembamba zinazopenya nuru. Tarakilishi imeurithi utaratibu huo. Programu za uchoraji humwezesha mtu kupanga kazi yake kwa matabaka, moja juu ya jingine, kama karatasi angavu. Tabaka linaweza kuwekwa katika hali ya kuzidisha. Hapo programu huchukua namba ya rangi ya chini, ikaizidisha na namba ya rangi ya juu, kisha ikagawanya kwa 255. Kwa mfano, 200 ikizidishwa na 128 na kugawanywa kwa 255 huwa takriban 100, yaani nusu. Nyeupe haibadilishi chochote. Nyeusi hufuta kila kitu. Mwanafunzi akiijua hesabu hiyo ndogo, ataelewa mara moja kwa nini tabaka la weusi liliuzima uso wa nyanya, na kwa nini tabaka la zambarau iliyopauka lingeutia kivuli bila kuuua.

Kwa nini zambarau? Hili ndilo la nne. Kivuli kina rangi. Mtu aliyeketi kivulini mchana kweupe hajaingia gizani. Amefichwa jua tu, lakini mbingu bado inammulikia, nayo mbingu ni samawati. Kwa hivyo vivuli vya nje huelekea samawati na urujuani. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alichora mfululizo wa milundo ya nafaka huko Giverny kati ya mwaka wa 1890 na 1891, jambo lile lile asubuhi, jioni, wakati wa kiangazi na wakati wa theluji. Ukizitazama picha hizo utaona kwamba vivuli vyake vina samawati na zambarau, wala si weusi mtupu.

Zaidi ya hayo, rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Michel Eugène Chevreul alikuwa msimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia cha Gobelins mjini Paris. Ililalamikiwa kwamba nyuzi zake nyeusi zilikuwa dhaifu. Alipochunguza aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizoufanya weusi uonekane umefifia. Mwaka wa 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo. Funzo kwa mwanafunzi ni kwamba asichague rangi ya shavu kwa kuliangalia shavu peke yake. Aliangalie pamoja na kitambaa cha manjano kilicho juu yake na majani ya mwembe yaliyo nyuma.

Nimefika sasa kwenye kiini cha swali la bikizee. Ngozi ya binadamu hurejesha mwanga kwa njia mbili. Sehemu ya mwanga huingia ndani, hutawanyika, kisha hutoka ikiwa imechukua rangi ya ngozi. Sehemu nyingine hudunda juu bila kuingia, nayo hubaki na rangi ya mahali ilikotoka. Katika ngozi nyeusi ile ya kwanza ni ndogo, na kwa sababu hiyo ile ya pili huonekana wazi zaidi. Ndiyo maana paji la uso la mtu mweusi aliyeketi chini ya mwembe huwa na mng'ao wa samawati ya mbingu, na chini ya kidevu chake huwa na wekundu wa udongo unaorejesha jua. Uso kama huo haujengwi kwa kuongeza weusi. Hujengwa kwa kuutazama mng'ao na kuupa haki yake.

Masomo mengi ya uchoraji yanayopatikana kwa urahisi huanza na uso mweupe, na mwanafunzi wetu huiga kanuni zake kisha akazitia giza tu. Si jambo jipya. Tangu miaka ya 1950 maabara za kusafishia filamu zilipimia rangi kwa picha ya mwanamke mweupe iliyoitwa kadi ya Shirley, iliyotolewa na kampuni ya Kodak, na ngozi nyeusi ikawa inatoka vibaya. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Chombo hubeba macho ya aliyekitengeneza. Tusipojifunza kujitazama wenyewe, tutaendelea kujipaka masizi kwa mikono yetu.

Yamkini msomaji atauliza, je, picha isiyo na kivuli si sanaa? Ni sanaa. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuuza picha zake Dar es Salaam mwaka wa 1968, alitumia rangi za kung'aa juu ya vibao vya masonite, na wanyama wake bapa wanapendwa hadi leo. Lakini ubapa ule ni uamuzi, si ajali. Ninachokitaka ni mwanafunzi aweze kuamua. Mwingine atasema kwamba siku hizi akili unde huchora picha nzima kwa kuamriwa tu. Sawa, lakini asiyejua mwanga hutoka wapi hawezi kuona pale mashine ilipoupotosha, na atapokea chochote anachopewa.

Walimu wenzangu, najua tatizo la vifaa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka wa 2019 umezipa sanaa nafasi, lakini si kila shule ina tarakilishi za kutosha, na mahali pengine hata umeme ni wa kubahatisha. Hata hivyo, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yai, dirisha, kipande cha makaa na karatasi vinatosha kwa muhula mzima wa kwanza. Mwanafunzi achore yai kwa viwango vitano tu vya kijivu, kuanzia weupe hadi weusi. Kisha achore kopo, kisha ngumi yake mwenyewe, kisha uso wa jirani yake darasani. Akikutana na tarakilishi baadaye, atakuwa na la kuiambia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Nanyi wanafunzi, msione haya kuanza na kijivu. Anzeni na chanzo kimoja cha mwanga. Kunjeni macho kidogo mnapotazama, ili vijambo vidogo vipotee na makundi makubwa ya mwanga na giza yabaki. Wekeni rangi mwishoni, na weusi mtupu muufiche kama mpishi anavyoficha chumvi.

Msichana yule aliirudia picha yake mara nne. Mara ya kwanza ilikuwa ya kijivu tupu. Mara ya nne paji la uso lilikuwa limepata samawati kidogo, kidevu kilikuwa na wekundu wa udongo, na kitambaa kilikuwa kimemwaga manjano kidogo juu ya sikio. Aliipeleka nyumbani Ijumaa. Jumatatu nilimuuliza nyanya amesema nini.

"Amelalamika, Mwalimu," akanijibu. "Amesema maharagwe niliyochora ni machache, watu watadhani kwetu kuna njaa."

Sikumsahihisha tena. Bikizee alikuwa ameacha kuutafuta uso wake katika picha, alikuwa ameuona.