Uvira: kabla ya kuchagua lenzi, uliza jua linatokea wapi

Ukisimama ufukweni Uvira, mashariki mwa Congo, kabla hapajapambazuka, milima ya Mitumba iko mgongoni mwako na Burundi iko mbele ya macho. Taa za Bujumbura bado zinawaka ng'ambo. Jua litachomoza upande huo huo, juu ya milima ya majirani, na mwanga wake utavuka maji ya ziwa Tanganyika ndipo ukufikie. Jioni mambo yanageuka. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, na Mitumba ina vilele vinavyopita mita 3,000. Ukuta huo hulimeza jua mapema, mji ukaingia kivulini huku milima ya Burundi ikiendelea kung'aa rangi ya shaba.

Ninaanza na jua kwa sababu wengi wanaosafiri kupiga picha za mandhari huanza na duka. Huulizana kamera ipi ni bora na pikseli ni milioni ngapi, kisha hujaza begi wakafika wakiwa wamechoka. Swali la kwanza lingepaswa kuwa: huko ninakokwenda kutaniruhusu nini?

Tuanze na lenzi. Imezoeleka kwamba mandhari ni kazi ya lenzi pana. Uvira, imani hiyo itakuangusha. Chukua mlima Heha, mrefu kuliko yote Burundi, unaopita mita 2,600 na ulio umbali wa kilomita 40 hivi kutoka Uvira. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya sensa kubwa, kimo chote cha mlima huo juu ya ziwa hakifiki hata sehemu moja ya kumi ya picha. Utaona uzi mwembamba kati ya maji mengi na mbingu nyingi. Kwa milimita 200, mlima huo huo unajaza theluthi ya picha au zaidi. Kwa hiyo hapa lenzi ndefu ndiyo ya kwanza kuingia begini. Ile ya milimita 70 hadi 300, hata isiyo ya bei kubwa, itafanya kazi nyingi.

Lenzi pana ina siku yake. Panda miteremko iliyo nyuma ya mji, ugeuke: Uvira yote ni utepe uliobanwa kati ya mlima na maji, na kaskazini bonde la Ruzizi linafunguka kama kiganja. Mto huo ndio uliowasumbua wageni wa karne ya 19. Wapelelezi Burton na Speke walifika Uvira mwaka 1858, wakarudi bila kuuona mdomo wake. Ilibidi Livingstone na Stanley waende kwa mtumbwi Novemba 1871 ndipo wahakikishe kwamba Ruzizi inaingia ziwani, haitoki. Wenyeji hawakuhitaji msafara kulijua hilo. Leo hata picha moja inaweza kulionyesha: maji ya mto, mazito kwa tope, yanavyoingia kwenye bluu ya ziwa. Mng'ao wa jua juu ya maji huficha mpaka huo, na dawa yake ni filta ya polaraiza. Filta hiyo ni nyepesi kuliko betri, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufanya kazi yake baadaye. Ukisogea kwenye mdomo wenyewe, kumbuka viboko na mamba. Ni sababu nyingine ya kuipenda lenzi ndefu.

Usiku una mandhari yake. Wavuvi wa ndagala, samaki ambao Kigoma huitwa dagaa, huingia ziwani na taa ili mwanga uwavute samaki juu, na ukiwa nchi kavu unaona mji mwingine umezaliwa majini. Lakini muulize mvuvi yeyote kabla ya kupanga tarehe. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina nguvu tena, kwa hiyo wengi hupumzika. Anayekuja siku za mbalamwezi akidhani amepata bahati atapiga picha za maji matupu. Njoo siku za giza, ukiwa na stendi ya miguu mitatu na lenzi ndogo ya milimita 50 yenye tundu la 1.8. Usiache kamera wazi kwa sekunde 30 kama vitabu vinavyoshauri kwa nyota: mitumbwi inacheza juu ya mawimbi, na taa zitageuka michirizi. Pandisha ISO, upige kwa sekunde moja au mbili.

Msimu nao ni kifaa. Kuanzia Juni hadi Agosti barabara ni kavu, ila moshi wa nyika na vumbi hulifunika ziwa, na Burundi inaweza kutoweka kabisa. Hewa safi huja baada ya mvua kubwa. Mvua hizo hizo, Aprili 2020, ziliufanya mto Mulongwe ufurike na kuua watu mjini, na miaka iliyofuata ziwa lilipanda likameza nyumba za ufukweni. Picha ya ukuta uliosimama majini inavutia. Kumbuka tu kwamba ule ulikuwa ukuta wa chumba cha mtu.

Yaliyobaki ni ya njiani. Utapanda moto, kama pikipiki inavyoitwa Congo, na begi litakaa mapajani. Kisichoenea hapo kiache nyumbani. Usibadilishe lenzi kando ya barabara lori likipita. Umeme hauahidiwi: beba betri tatu na kadi mbili.

Halafu kuna vita. Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na tangu hapo safari ya bonde la Ruzizi haiamuliwi kwa ramani peke yake. Uliza wenyeji siku ile ile. Pata kibali. Mpaka wa Kavimvira, bandari ya Kalundu, madaraja na askari si mandhari. Kamera ibaki begini.

Miaka kabla ya hapo, mpiga picha wa Ireland, Richard Mosse, alikuja Kivu, eneo ilipo Uvira, na filamu ya Kodak Aerochrome, iliyotengenezwa kwa ajili ya majeshi ili kumfichua adui aliyejificha. Filamu hiyo huona miale ya infraredi, na majani ya kijani hugeuka waridi. Vilima vya Kivu vilivyopakwa rangi hiyo vilioneshwa Venice mwaka 2013, na watu wanabishana hadi leo kama vilisema kweli au vilipamba maumivu ya vita. Somo ninalolichukua kwake ni dogo: kifaa ulichochagua kilishaamua nusu ya utakachosema kabla hujapanda gari.

Kwa hiyo, kwa Uvira: kamera moja unayoijua gizani, lenzi ndefu, ile ndogo ya milimita 50, filta moja, stendi nyepesi. Aliye na simu tu naye asikate tamaa. Apande mlima, kule upana wa lenzi yake ndiko unakofaa. Na mwenye kamera na mwenye simu waamke saa kumi na moja alfajiri. Jua la Uvira linatoka upande wa ziwa, na halimsubiri anayetafuta chaja.