Gari la Kuandama Dhoruba: Uchaguzi Wake na Istilahi Zake katika Uwanda wa Kati

Madhumuni ya makala haya ni kuyatazama maneno machache yanayohusu gari linalotakiwa kwenda mahali mvua kubwa inaponyesha, au iliponyesha saa chache zilizopita, kisha lirudi salama. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni la mafundi wa magari, wala si la wanaistilahi. Lakini gari la ofisi huanza maisha yake karatasini. Kabla halijaonekana barabarani, mtu mmoja huandika sifa zake, mwingine huzifasiri, na wa tatu, aliye mbali kabisa na tope, huzisoma na kununua. Neno likipotoka katika safari hiyo, gari nalo hupotoka.

Nilipata kuletewa, miaka kadhaa iliyopita, tafsiri ya sifa za magari mawili yaliyokusudiwa kwa watumishi wa ofisi moja hapa Dodoma, ambao kazi yao ilikuwa kukagua vipimo vya mvua na madaraja madogo ya vijijini wakati wa masika. Mfasiri alikuwa ameandika: "gari la magurudumu manne, lenye kibali cha ardhi cha kutosha". Kwa bahati mbaya karatasi hizo zililetwa kwangu baada ya magari kununuliwa. Muuzaji alikuwa ametimiza kila neno. Alileta magari madogo ya mjini, ya aina ya teksi, kila moja likiwa na magurudumu manne kamili. Na kuhusu kibali cha ardhi alijibu kwamba hilo si jambo la muuza magari. Januari iliyofuata gari moja lilikwama katika mbuga upande wa Bahi, maji yakipanda, na watumishi watatu wakakesha juu ya kichuguu hadi walipovutwa asubuhi na maksai wa mwanakijiji. Hakuna aliyedhurika. Mzee mwenye maksai alimwuliza dereva, "Mwanangu, ni nani aliyekupa gari hili uje nalo huku?" Kwa haki, swali hilo lilitupasa sisi watu wa lugha.

Tuanze na kitendo chenyewe. Katika nyanda za kati za Marekani wako watu ambao kila mwaka, majira ya kuchipua, husafiri kwa magari kuzitafuta dhoruba, wengine kwa ajili ya utafiti, wengine kwa kupenda tu kuziona. Aghalabu desturi hiyo huhesabiwa tangu mwaka 1956, David Hoadley wa North Dakota alipoanza safari zake. Mwaka 1964 ilianzishwa maabara ya taifa ya dhoruba kali mjini Norman, Oklahoma, na katika miaka ya 1970 wanasayansi wake nao wakaanza kuzitokea dhoruba barabarani kwa mpango maalumu. Kitenzi walichokichagua Wamarekani ni kile cha mtu anayemkimbilia mwenzake ili amfikie. Wafasiri wetu hukigeuza haraka kuwa "kukimbiza dhoruba" au "kufukuza dhoruba".

Tafsiri zote mbili zina kasoro. Anayemfukuza mbwa hutaka mbwa aondoke. Anayemkimbiza kuku humfanya kuku akimbie. Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Katika nchi ya Ugogo, ambako watemi walikuwa na mawe ya mvua na kutazamiwa kuiita, mwananchi akisikia kwamba ofisi imenunua gari la kufukuza mvua atakuwa na sababu nzuri ya kukasirika. "Kuwinda" nako kunaleta sura ya kuua. "Kufuatilia" kungalifaa, ila neno hilo limekwisha kutekwa na mafaili na vikao.

Pendekezo langu ni "kuandama". Anayemwandama mwenzake hukaa karibu naye asimpoteze machoni, akienda anakokwenda yeye, bila kudai kwamba ana mamlaka juu yake. Hivyo ndivyo wafanyavyo wajuzi wa kazi hii: huiandama dhoruba ubavuni, wakiiachia njia yake, wala hawaingii tumboni mwake. Kwa hiyo tuna "kuandama dhoruba", "uandamaji wa dhoruba" na "mwandama dhoruba".

Kuhusu dhoruba yenyewe, hatuna upungufu wa maneno. Tuna ugomvi wa mipaka. "Tufani" ina harufu ya bahari. "Kimbunga" Mamlaka ya Hali ya Hewa imekwisha kukitumia kwa dhoruba kubwa zizaliwazo baharini, kama Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, na si vema tukiwachanganya wananchi kwa kukipa kazi ya pili. "Kisulisuli" ni ule upepo wa kuzunguka unaonyanyua vumbi kiangazi. Anayetaka kutaja jamaa yake mkubwa wa Marekani na aseme "tonado". Kile kinachotokea Dodoma, Kongwa na Mpwapwa, yaani wingu linalopanda kwa joto la mchana na kushuka jioni kwa upepo, radi na pengine mvua ya mawe, kinafaa kuitwa "dhoruba ya radi". Pia hapo yafaa tuangalie neno "umeme", ambalo siku hizi wasomaji wengi hulisikia kwanza kama kitu cha nyaya na mita. Katika maandishi ya hali ya hewa napendelea "mmweko" kwa mwanga, "radi" kwa pigo, na "ngurumo" kwa sauti.

Sasa tuje kwenye gari. Msomaji atakayesoma vitabu vya Wamarekani atashangaa kuona kwamba wengi wao wameandama dhoruba kwa magari madogo ya kawaida. Sababu ni ardhi yao. Sehemu kubwa ya Oklahoma na Kansas imegawanywa kwa barabara zinazokatana kila baada ya maili moja, kama mistari ya daftari la hesabu, na njia moja ikifungwa ipo ya pili. Hata huko gari jepesi lina hatari yake. Tarehe 31 Mei 2013, karibu na mji wa El Reno, tonado iliyofikia upana wa kilomita 4 na zaidi ilimwua Tim Samaras, mtafiti mwenye uzoefu mkubwa, pamoja na mwanawe Paul na mwenzao Carl Young. Walikuwa katika gari dogo la Chevrolet Cobalt, kwenye barabara isiyo na lami.

Uwanda wetu hauna madaftari hayo. Barabara kuu za kutoka Dodoma kwenda Morogoro, Singida, Iringa na Babati zina lami, lakini ukiiacha lami aghalabu njia ni moja, na njia hiyo hukata makorongo. Korongo ni mto wa mchanga: miezi mingi ya mwaka watoto huchezea ndani yake na ng'ombe huchimbiwa maji humo. Mvua ikinyesha vilimani, mbali usikokuona, maji hushuka ghafula huku juu yako jua linawaka. Ulipopita saa nane pakavu, saa kumi hapapitiki. Reli ya kati nayo inajua habari hii: mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 yaliiharibu vibaya kati ya Kilosa na Gulwe. Basi gari la kuandama dhoruba huku huchaguliwa kwa ajili ya kurudi. Kwenda, hata baiskeli huenda.

Ardhi yenyewe ni ya namna mbili zinazopingana. Kuna mchanga wa makorongo, na kuna mbuga. (Wafasiri wajihadhari: "mbuga" hapa si hifadhi ya wanyama, bali bonde la udongo mfinyanzi mweusi, ambao hupasuka nyufa kiangazi na kuvimba ukilowa.) Katika mchanga tairi hutakiwa kutanuka, kwa hiyo dereva hupunguza hewa ndani yake. Katika mbuga tope hujaa kati ya kashata za tairi, kisha kati ya tairi na madigadi, mpaka gurudumu likakataa kuzunguka. "Kashata" ni neno la mafundi kwa vile vipande vya mpira vilivyochongoka juu ya tairi, na limetokana na kashata ya kuliwa iliyokatwakatwa. Sioni sababu ya kutafuta jingine. Tairi lililokwisha kashata huitwa "kipara", na hilo nalo ni zuri.

Tatizo lipo katika "upepo". Madereva wote husema "kujaza upepo" na "kupunguza upepo". Katika maelekezo ya kazi za dhoruba, sentensi kama "upepo ukiwa mwingi, punguza kabla ya kuvuka" humwacha msomaji hajui kama anaambiwa apunguze mwendo au afungue vali. Sipendekezi kulifuta neno la watu. Napendekeza kwamba katika maandishi ya aina hii liandikwe kila mara "upepo wa tairi", bila kufupishwa.

Sasa lile la "kibali cha ardhi". Kosa lilitokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ruhusa na pia ya nafasi iliyo wazi. Kinachotakiwa ni nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya gari iliyo chini kuliko zote, ambayo katika magari mengi yenye ekseli nzima ni tumbo la difu. Kiswahili kinalo neno hilo tangu zamani: nafasi iliyo chini ya kitanda huitwa uvungu. Gari dogo la mjini lina uvungu wa kiasi cha sentimita 15. Magari ya aina ya Land Rover huwa na sentimita 20 na zaidi. "Uvungu usiopungua sentimita 20" ni maneno ambayo mnunuzi anaweza kuyapima kwa rula.

"Magurudumu manne" ni kosa baya zaidi kwa kuwa linaonekana sahihi. Kila gari lina magurudumu manne. Swali ni mangapi yanayosukumwa na injini. Mafundi husema "foo wili", na dereva yeyote atawaelewa, lakini katika mkataba heri tuseme "gari linalovuta kwa magurudumu yote manne". Tena tuongeze "lenye difu ya kufungika". Difu ya kawaida hugawa nguvu kwa namna ambayo gurudumu likiteleza, lenyewe huzunguka bure na mwenzake husimama. Ikifungwa, yote mawili huzunguka pamoja, na lile lililo juu ya ardhi ngumu hulitoa gari.

Maji ya korongo yanadai maneno mengine. Injini ikivuta maji badala ya hewa huweza kuvunjika palepale, na ndiyo maana magari mengine huwekewa bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Tembo avukapo mto huinua mkonga wake. Basi bomba hilo liitwe "mkonga wa hewa". Hata hivyo mkonga umewaponza wengi, kwa maana unaifanya injini iwe salama huku gari lenyewe likielea. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 hivi huweza kuyachukua magari mengi madogo, na ya sentimita 60 huyachukua hata makubwa.

Kuhusu radi, imani ya kwamba matairi ya mpira ndiyo yanayomkinga abiria yafaa ikome. Kinachomkinga ni bodi ya chuma iliyomzunguka pande zote, ambayo hulipitisha pigo nje yake hadi ardhini. Kwa hiyo gari la turubai, hata liwe hodari namna gani katika tope, si kimbilio, na pikipiki ndiyo kabisa. Sifa iandikwe "paa na milango ya chuma", wala si "lililofunikwa", kwa kuwa turubai nalo hufunika.

Wako watakaosema kwamba dawa ya yote haya ni kununua gari kubwa na lenye nguvu kuliko yote. Wapite Kongwa. Katika Mradi wa Karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951, yaliletwa matrekta yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani. Nguvu haikukosekana. Ardhi hiyo kiangazi hukauka ikawa kama tofali, mchanga wake hutafuna chuma, na mizizi ya vichaka ilivunja majembe.

Sifa za yale magari mawili ziliandikwa upya, nazo zilisomeka hivi: "Gari la kazi za masika, linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye difu ya nyuma ya kufungika, uvungu usiopungua sentimita 20, injini ya dizeli yenye mkonga wa hewa, paa na milango ya chuma, matairi ya kashata kubwa pamoja na pampu na kipimo cha upepo wa tairi." Muuzaji hakuuliza swali hata moja.

Limebaki neno moja lililonishinda. Mahali barabara inaposhuka na kulikata korongo juu ya sakafu ya zege, wahandisi husema "drifti", na hilo limekwisha kuzoeleka. Lakini ile nguzo yenye alama za sentimita iliyosimamishwa kando yake, ambayo dereva anapaswa kuisoma kabla hajaamua kuvuka au kungoja, kila mtu huitaja kwa namna yake: mti, kigingi, rula, na mahali pengine "ile nyeupe". Wasomaji walio vijijini Bahi, Chamwino na Mpwapwa, ambao huiona kila masika, wanaombwa waandike wanavyoiita huko kwao.